Chupa ya Tatu

Nesi aliipindua chupa ya pili juu ya sahani ya bati, akaigonga kitako mara mbili, hakikutoka kitu. Akaandika sifuri kwenye daftari lake, kubwa na ya mviringo, akaitazama kama mtu aliyeokota yai.

"Hongera, Mama Pacha. Wiki nane, vidonge hamsini na sita, hukuruka hata kimoja. Umemaliza."

"Ningeruka vipi na huyu askari wangu?" Mama Pacha alicheka huku akiweka mtandio wake sawa. "Kila asubuhi ananisimamia mpaka nipanue kinywa aone kimeshuka."

Askari mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, kofia magotini, macho kwenye kabati la kioo lenye chupa nyeupe zilizopangwa safu. Alikuwa seremala wa viti. Mtaani walimwita Baba Pacha kwa ajili ya wanawe wawili waliozaliwa siku moja, lakini mafundi wenzake, akiwapa mgongo, walimwita Pima Tena, maana hakuwahi kuukata ubao kabla hajaupima mara mbili, na mara ya tatu kwa jicho. Ukitaka kumtoa machozi mtu huyu, mwambie tu kwamba kazi yake imelipuliwa, imefanywa haraka na ovyo.

"Na ya tatu?" akauliza.

"Ya tatu nini, baba?"

"Chupa. Yule bwana wa rangi alianza siku moja na mke wangu. Mmempa ya tatu sasa hivi, nimeona kwa macho yangu. Sisi mbili tu. Mbona mnatupunja?"

Benchi zima likageuka. "Mzee anadai nyongeza," alisema mtu wa nyuma, "anadhani yuko sokoni ananunua maharage." Kikaanguka kicheko, si cha ubaya sana, lakini Baba Pacha alihisi masikio yakipata moto. Mama Pacha alitazama sakafu.

Daktari akatoka chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, mtu wa kuongea taratibu. "Baba, tulielezana siku ya kwanza. Kila mgonjwa alichukua bahasha. Ya mama iliandikwa wiki nane, ya yule bwana wiki kumi na mbili. Wote dawa iliwakubali mapema. Tunachotaka kujua ni kama kwa watu wa namna hiyo nane zinatosha. Zikitosha, dawa inayotibu wawili itatibu watatu. Na foleni ya wanaosubiri umeiona getini."

"Na zisipotosha?"

"Miezi mitatu kutoka leo tutampima damu. Tukikuta virusi vimerudi, tutamtibu upya. Hatumwachi njiani."

"Kwa hiyo mnamfanyia majaribio."

"Nilikubali mwenyewe," Mama Pacha akasema kwa sauti ya chini. "Nikatia saini. Twende nyumbani, Baba Pacha, watu wanatutazama."

*

Virusi vile vya homa ya ini, aina ya C, vilimwingia Mama Pacha siku ileile aliyojifungua pacha, katika damu aliyoongezewa ili asife. Vikakaa miaka thelathini bila kubisha hodi. Mama Pacha alikuwa amevitungia kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango wala dirisha, ina wageni wa miaka thelathini na sijawahi kuwapa hata maji." Jibu lake lilikuwa ini. Alikitega kwa kila mtu aliyekuja kumjulia hali, na mgeni akishindwa alifurahi kama mtoto.

Siku hiyo hakukuwa na vitendawili. Walitembea yeye mbele, mume nyuma, na maneno yakawafuata mpaka mlangoni.

"Tangu niko mdogo," alisema Baba Pacha, "hospitali ina wimbo mmoja. Maliza dozi. Hata ukijisikia nafuu, maliza dozi. Wewe mwenyewe uliwachapa wanao kwa kuacha dozi ya malaria siku ya pili. Leo wanageuza wimbo katikati?"

"Dozi yangu ni nane. Nimeimaliza."

"Ya mwenzio ni kumi na mbili! Wamekupa kiti cha miguu mitatu, mke wangu."

Mama Pacha akasimama, ufunguo mkononi. "Na kigoda? Si wewe uliyeniambia kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, cha minne ndicho kinachotafuta kipande cha karatasi cha kuwekewa chini?"

Baba Pacha alikuwa amesema hivyo kweli, tena mara nyingi.

"Basi," mkewe akasema, na kuingia ndani. Punde cherehani ikaanza kulia. Sare za shule zilikuwa zinamsubiri, rundo zima la kola za buluu. Kisha ikanyamaza na yeye akaita kutoka ndani: "Na ujue, ile saini niliiandika mwenyewe. Sikuweka dole gumba. Nimesoma mpaka darasa la sita, nimeolewa, nimezaa, nimezeeka, na ile ndiyo karatasi ya kwanza mtu kuniomba saini yangu mimi. Kwa hiyo iache."

Baba Pacha hakuiacha. Usiku mzima aligeuka kitandani kama mtu aliyelalia misumari, na asubuhi alikwenda karakana bila kunywa chai.

*

Yule bwana wa rangi mtaa ulimwita Ngazi, kwa kuwa hakuonekana kokote bila ngazi yake begani. Siku ya tatu aliiegemeza nje ya karakana, akaingia akipangusa mikono kwenye suruali yenye rangi za nyumba zote za mtaa.

"Fundi, nasikia ulitaka kupigana na daktari."

"Nani kakwambia?"

"Nani hajaniambia?" Akaketi juu ya rundo la mbao. "Binafsi ningefurahi kupata bahasha ya mkeo. Dawa hizi zinanipa kichwa. Nikifika ngazi ya sita dunia inazunguka. Juzi nimeshika bomba la maji ya mvua kama mtoto anavyomshika mama yake. Nikianguka mimi, kwangu watakula nini? Na mwenyewe najiona mzima. Nimeamua. Nane zimetosha."

Randa ikasimama mkononi mwa Baba Pacha. "Umeamua vipi? Na chupa?"

"Nitaitupa. Au nitawapa kuku wa jirani, wapone ini." Ngazi alicheka peke yake. Halafu akamtazama mwenzake, naye hakuwa mjinga. "Fundi. Unafikiria ninachofikiri unafikiria?"

Nje, mtu alipita akipiga mluzi.

"Utakuwa unaitupa tu," Baba Pacha akasema.

"Ningeitupa tu."

"Basi si wizi."

"Wizi gani? Ni takataka yangu." Ngazi akakuna kidevu. "Ila chupa tupu irudi kwangu kabla ya tarehe yangu, wiki tano zijazo. Yule nesi anahesabu, umemwona, anaipiga chupa kitako kama mkunga. Na binti yangu anahitaji meza ya kusomea. Si kwamba nakuuzia. Nasema tu binti anahitaji meza."

Baba Pacha alishika futi yake. "Urefu gani?"

*

Kila asubuhi kwa siku ishirini na nane, Baba Pacha alikisaga kidonge kimoja kati ya vijiko viwili, kama akina mama wanavyowasagia watoto, jikoni, mgongo ukielekea mlango. Akakikoroga ndani ya uji, sukari vijiko vitatu, ndimu nusu, na bado ukabaki na uchungu.

"Tangu lini wewe na mwiko?" Mama Pacha aliuliza asubuhi ya kwanza, kikombe mkononi, macho yamemtoka.

"Umetoka kwenye dawa kali. Mwili unataka nguvu."

"Una uchungu kidogo."

"Unga mpya huo. Kunywa wote."

Akanywa wote. Siku ya nne alikuwa ameshawatangazia jirani. Wanawake wa uani wakamtania, aliyekuwa akioga na aliyekuwa akifua: "Mwenzetu, umempaka nini mzee? Tupe na sisi tuwapake wetu!" Na yeye, kwa sauti aliyodhani mumewe haisikii, akajibu: "Ndoa ya miaka thelathini na mbili, nikasubiri mpaka ini liugue ndipo nipikiwe uji. Ningejua ningeugua mapema."

Baba Pacha, nyuma ya ukuta, alishika mwiko akawa hajui auweke wapi.

Asubuhi moja kikombe kilimwagika. Si chote, robo hivi, kwa sababu paka alipita. Baba Pacha akapiga kelele ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu waoane, akapiga magoti sakafuni, kitambaa mkononi, kama anayetaka kuurudisha uji kikombeni.

"Ni uji tu, Baba Pacha!"

"Najua," akasema. "Najua ni uji."

Siku ya ishirini na nane chupa tupu ilirudi kwa Ngazi, ndani ya droo ya meza mpya iliyopigwa msasa mpaka ikateleza kama sabuni. Ngazi akaipeleka kliniki. Nesi akaigonga kitako. Sifuri.

*

Miezi mitatu baada ya ile siku ya wiki nane, kama daktari alivyosema, walimtoa Mama Pacha damu, na baada ya wiki moja wakamwita. Daktari aliisoma karatasi mara mbili ingawa ilikuwa na mstari mmoja tu.

"Havipo, mama. Umepona."

Mama Pacha akauliza, "Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Wageni wangu wameondoka bila kuaga!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, na nesi akampa kipande cha pamba afute macho. Baba Pacha alimshika bega. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa muda wa kumeza mate mara mbili hivi. Ndipo daktari akasema:

"Mama, wewe ni mmoja wa wa kwanza kwetu kumaliza kwa wiki nane. Mwezi ujao tunaanza kundi jipya. Wengi wanaogopa bahasha fupi, wanadhani tunawapunja." Akamtazama Baba Pacha na kutabasamu, bila ubaya. "Ungekuja uwaambie? Wakiona mtu, wanaamini kuliko wakiona karatasi."

"Nitakuja," Mama Pacha akasema kabla sentensi haijaisha. "Nitavaa gauni langu la zambarau."

Njiani mume hakusema kitu. Mke alidhani ni furaha.

*

Ngazi alikuja karakana mwezi uliofuata, bila ngazi. Hicho ndicho kilichomshtua Baba Pacha, kumwona mtu yule begani hana kitu, akionekana mfupi.

"Vimerudi," Ngazi akasema.

"Nini?"

"Unauliza nini! Virusi. Leo nimeitwa. Daktari kanionea huruma mpaka nikaona aibu. Anasema, 'Bwana, ulimeza wiki kumi na mbili kamili na bado vimerudi, basi vyako ni vikaidi.' Vikaidi, fundi! Vimekuwa na tabia! Anataka kunipa dawa nyingine, kali zaidi, miezi sita. Mke wangu ameshatenga vikombe vyangu na sahani yangu, nimemwambia havipiti kwenye sahani, hasikii."

Baba Pacha aliketi kwenye kiti ambacho hakijatiwa gundi, kikalia. "Umemwambia daktari ukweli?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya? Nifukuzwe?" Ngazi akainama, akanong'ona ingawa hapakuwa na mtu. "Na wewe usinitaje. Unasikia? Ukinitaja umenimaliza. Mkeo kapona, kaa na furaha yako."

Alipoondoka, Baba Pacha aliendelea na kazi. Kiti cha mteja wa kanisani, miguu minne. Alipima mguu wa nne. Akapima tena. Akapima mara ya tatu kwa jicho, akakata, na mguu ukatoka mfupi kwa kidole kizima. Akaushika mkononi akiutazama. Miaka arobaini ya msumeno, haijawahi kumtokea.

Hesabu ilikuwa imejipanga kichwani, hakuiita. Katika daftari la nesi, mkewe alimeza nane akapona. Kumbe alimeza kumi na mbili. Katika daftari lilelile Ngazi alimeza kumi na mbili akashindwa. Kumbe alimeza nane. Kurasa mbili, zote mbili zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, na zote mbili zimesimama kichwa chini miguu juu. Na juu ya kurasa hizo watu wataketi, kama wanavyoketi juu ya viti vyake bila kuinama kutazama gundi.

"Nimelipua," akasema kwa sauti, kuuambia ule mguu mfupi.

*

Kundi jipya lilikuwa watu saba. Walijaza benchi moja na viti viwili vya plastiki, kila mmoja na bahasha yake ambayo haijafunguliwa. Mama Pacha alisimama mbele yao na gauni la zambarau, mkoba kwapani, amenyooka kama mwalimu wa zamu. Nesi alikuwa mezani. Daktari aliegemea mlango wake. Mwisho kabisa wa benchi, mikono katikati ya magoti, alikuwa Ngazi, amekuja kuandikiwa ile dawa kali.

"Kitendawili!" Mama Pacha akaanza.

Watu walitazamana. "Tega," mmoja akasema, akiona haya.

"Nilikuwa na njia ya siku themanini na nne. Nikafika kwa siku hamsini na sita, na wala sikukimbia."

"Gari?" "Ulipita njia ya mkato?"

"Nipeni mji!"

"Chukua wowote, mama, tuambie."

"Ni dawa!" Akapiga mkoba kwa kiganja. "Wiki nane tu, wanangu. Na mimi ndiye huyu, msinione na gauni. Nilikuwa na virusi vya miaka thelathini. Msiogope bahasha fupi."

Dada mmoja aliyevaa ovaroli la kiwandani, asiye katika wale saba, mimba yake ikionekana kidogo, aliinua mkono. Daktari akamkumbusha kwa upole kwamba yeye ataanza akishajifungua. "Najua, daktari. Nataka kusikia tu. Mama, kweli nane tu? Hukuongeza kitu? Mizizi, dawa za mtaani, chochote? Nitakuwa na mtoto wa kunyonya. Sitaki kurudi rudi hapa."

"Hata punje. Usiniamini mimi, muulize huyu." Mama Pacha akanyoosha kidole, uso wote unang'aa. "Mume wangu. Alikuwa mbishi kuliko nyinyi wote. Baba Pacha, waambie. Niliongeza kitu?"

Nyuso zote zikamgeukia. Ngazi, mwisho wa benchi, alitikisa kichwa kidogo sana: usithubutu.

Baba Pacha alisimama. Kofia ikamwanguka, hakuiokota.

"Wewe hukuongeza," akasema. "Niliongeza mimi."

"Uliongeza nini?"

"Kwenye uji."

Mbali na Ngazi, hakuna aliyeelewa ila mtu mmoja. Mama Pacha aliendelea kutabasamu kwa muda, tabasamu lililosahauliwa usoni kama taa ya mchana. Kisha midomo yake ikafanya neno bila sauti: uchungu.

"Asubuhi ishirini na nane," akasema Baba Pacha, sasa akimtazama yule dada wa ovaroli maana kwa mkewe hakuweza. "Amemeza kumi na mbili, dada yangu, bila kujua. Wiki nane sijui kama zinatosha. Zinaweza kutosha. Lakini usizipime kwa mke wangu, maana kipimo hicho nimekiharibu mimi."

Nesi alikuwa ameshasimama. "Dawa umetoa wapi, mzee? Hapa hakitoki kidonge bila mimi!"

"Kwa mtu. Sitamtaja barazani. Nitamtaja ndani kwa daktari, kwa sababu naye mmemwandika uongo."

"Usisumbuke," ikasema sauti ya mwisho wa benchi. Ngazi aliinuka, amekunja uso. "Ulivyonitazama umeshanitaja. Ni mimi. Sikumeza ya tatu. Dawa zilinipa kichwa."

"Chupa niliihesabu kwa mikono yangu!" Nesi akasema, nusura alie. "Ilikuwa tupu!"

"Ilikuwa tupu," Ngazi akakubali. "Ila si kwa kinywa changu."

Mtu wa nyuma akacheka, akagundua amecheka peke yake, akakohoa.

*

Chumbani kwa daktari palikuwa na viti viwili vya wageni kwa watu watatu, na Baba Pacha alisimama bila kuambiwa. Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, kama binti wa mtu.

"Baba, ungeniibia chupa kabatini ningekuelewa zaidi. Umeniibia jibu."

"Nilitaka apone."

"Na amepona. Hilo ni la kweli, mama, hakuna wa kukunyang'anya. Ila kwa nane au kwa kumi na mbili, sijui, na sitajua kamwe. Siwezi kukuhesabu popote." Akavuta faili mbili, akapiga mstari mrefu juu ya ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Kalamu ilikwaruza. "Na wewe bwana, nilikuwa naanza kukupa dawa ya miezi sita kwa ajili ya ukaidi ambao haukuwa wa virusi."

Ngazi aliangalia kucha zake. "Kwa hiyo nane hazitoshi? Mimi si ndiye ushahidi?"

"Kwako hazikutosha. Mtu mmoja si jibu. Ndiyo maana tunataka wengi, na tunataka wakweli." Akavaa miwani. "Dawa yako nitaipanga upya. Na ukiona kizunguzungu njoo uniambie mimi, usimwambie seremala."

"Karatasi yangu," Mama Pacha akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Ile yenye saini. Bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Naomba niione."

Daktari akaigeuza. Pale chini, chini ya maandishi mengi madogo, palikuwa na jina lake kwa herufi zilizoachana kidogo, kila moja imesimama kwa miguu yake. Mama Pacha aliigusa kwa kidole, halafu akaunyanyua uso kwa mumewe.

"Niliandika hapa kwamba nitafanya hivi na hivi. Ukanifanya mwongo kwa mkono wangu mwenyewe. Na mimi kila asubuhi nikawa nasema asante."

*

Wiki tatu Mama Pacha alijipikia. Hakugombana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimjibu mumewe kila alichouliza, kwa neno moja au mawili, na cherehani ikaongea sehemu iliyobaki. Jirani wakauliza uji wa mzee umeishia wapi, akawaambia unga umekwisha.

Habari zikaja kidogo kidogo. Ngazi alianza upya, na siku za kizunguzungu alipaka kuta za chini tu, mpaka mahali mkono unapofika. Binti yake alibaki na meza. Watu watatu kati ya wale saba walirudisha bahasha zao. Wanne, baada ya kuambiwa kila kitu, wakazifungua. Yule dada wa ovaroli alimwambia nesi atakuja mtoto akishazaliwa, na bahasha yoyote itakayomwangukia ataichukua, ila mume wake asikaribie jiko.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa na mafua. Alikuwa na kola arobaini za kumaliza, pua inamchuruzika, na hakuwa amenywa kitu. Baba Pacha alisimama kizingitini akishika fremu ya mlango, fremu aliyoitengeneza mwenyewe.

"Nikupikie uji?"

Cherehani ikaenda mpaka mwisho wa kola, ikasimama. "Kitendawili," akasema bila kugeuka.

Baba Pacha hakuwa amelisikia neno hilo tangu siku ya gauni la zambarau. "Tega."

"Nilikinywa sikukiona, kikaniponya nikaumwa."

Alijua jibu. Alijua pia kwamba halitakiwi. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Huu tuliomo, wote, na karakana yangu juu."

"Pika," akasema. "Lakini mlango wazi. Na kila unachotia, nikisikie."

Akaenda jikoni, akausukuma mlango mpaka ukutani, akauwekea tofali.

"Naweka maji!" akaita.

"Vikombe vingapi?"

"Viwili na nusu!"

"Endelea."

"Unga! Vijiko vinne! Wa mtama, uleule wa kopo!"

Uani, jirani aliyekuwa anafua akanyanyua kichwa kutoka kwenye beseni. "Mzee, unapika au unanadi?"

"Chumvi!" Baba Pacha akaita, hakumjali. "Kidogo, kwa ncha ya kidole! Nakoroga! Bado nakoroga!"

Cherehani ilikuwa inalia ndani, kola baada ya kola. Uji ukaanza kutoa mapovu. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akafungua kopo, kijiko kikagonga bati, kengele ndogo.

Cherehani ikakatika ghafla.

"Nini hicho?"

"Sukari," akasema. Kisha kwa nguvu: "Sukari, Mama Pacha! Vijiko viwili! Nilikuwa nakaribia kusema!"

Mwiko mkononi, uji ukipanda mpaka ukingo wa sufuria, alisimama akisikiliza.

"Sema kabla ya kutia," sauti ikatoka ndani. "Si baada."

"Kabla," akasema. "Nimesikia."

Akateremsha sufuria. Ikapita pumzi, ya pili, ya tatu. Ndipo sindano ikaanza tena, polepole, kama mtu anayejaribu sakafu kwa mguu mmoja.

"Natia ndimu!" Baba Pacha akaita, na mkono wake, pamoja na ile ndimu iliyokatwa, ukabaki hewani ukisubiri kuambiwa.